Bibi Hesabu anajibu: Hela ya kusikia na hela ya kushika

Toleo la Septemba 2021

Meza yangu hapa Morogoro imejaa. Barua za tangu Julai nimezifunga kwa mpira, jumbe za simu mjukuu wangu amezinakili kwenye daftari, na karibu zote zinaanza na neno moja, jina mnalomwitia Rais Samia: Mama. Mama amesema. Mama ametuahidi. Mama anajua shida zetu.

Siwashangai. Machi 19 mwaka huu, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa siku mbili baada ya kifo cha Rais Magufuli, nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni ya jirani, kanga imenidondoka begani, nalia. Nililia kwa msiba, na nililia kwa sababu katika miaka yangu 59 sikuwahi kumwona mwanamke akila kiapo cha urais wa nchi hii. Matumaini mliyo nayo ninyi ninayo na mimi. Lakini nimekaa miaka 33 kwenye hela za watu, kwanza karani wa mishahara kiwandani, baadaye mhasibu wa SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, na dirisha la mishahara lilinifundisha kuuliza swali moja kabla ya kufurahi: imeshaingia?

Naanza na barua ndefu, kwa sababu walimu walioniuliza jambo hili wamefika kumi na mmoja.

*Shikamoo Bibi Hesabu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kilosa, mshahara wangu ni 716,000. Mei Mosi nilimsikiliza Mama akiwa Mwanza, akasema amefuta asilimia 6 ya mkopo wa elimu ya juu na atapunguza kodi ya mshahara. Bodi ya Mikopo wananidai milioni 8, kwa hiyo nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu. Nikajua mwezi wa saba makato yatashuka kama laki moja hivi. Nikachukua friji na kitanda dukani kwa mkopo, nalipa 95,000 kila mwezi. Mwezi wa saba umeingia, wa nane umeingia, Bodi wanakata 107,400 ile ile. Kodi imepungua 2,500 tu. Mume wangu ananiuliza kila siku, ulisikia nini hasa? Bibi, mwajiri anatuibia, au Mama anaangushwa na wasaidizi wake? Mwalimu, Kilosa.*

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekuibia. Hapa kuna asilimia za aina mbili, wewe umeisikia moja ukadhani ni nyingine. Slipu ya mshahara uliyonitumia picha yake ninayo mbele yangu, tuisome pamoja.

Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika aliye kazini. Hiyo ndiyo 107,400 yako, na haikuguswa Mei Mosi wala kwenye bajeti ya Juni. Ile asilimia 6 iliyofutwa haijawahi kuonekana kwenye slipu yako hata siku moja. Ilikuwa inaongezwa kila mwaka juu ya deni lililobaki, kwa maelezo kwamba inalinda thamani ya mkopo. Wewe unakatwa huku mbele, deni linavimba kule nyuma. Ndiyo maana wenzako walikatwa miaka mitatu, minne, halafu siku wanayoenda kuuliza salio wanatoka wameshika kichwa.

Chukua kalamu. Asilimia 6 ya 8,000,000 ni 480,000 kwa mwaka. Wewe kwa mwaka unakatwa 107,400 mara 12, yaani 1,288,800. Kwa utaratibu wa zamani, mwaka wa kwanza 480,000 ya hela hiyo ingekwenda kuziba uvimbe, deni lenyewe lingepungua 808,800. Kwa utaratibu wa sasa yote 1,288,800 inalimega deni. Nimeipiga hesabu hiyo mwaka hadi mwaka mpaka mwisho. Zamani ungemaliza kwa miaka 8. Sasa, hata mshahara usipopanda kabisa, unamaliza kwa miezi 75, ambayo ukihesabu kuanzia Julai hii inaangukia Septemba 2027. Umeokolewa miezi 21 ya makato, zaidi ya shilingi milioni 2.

Kwa hiyo ulichosikia ni kweli, na ni kikubwa. Ila hela yenyewe iko kule mwisho wa njia, mwaka 2027, wakati mwenye duka la friji anaitaka Septemba hii.

Kodi nayo ina hesabu yake. Kilichoshuka ni kiwango cha chini, kutoka asilimia 9 hadi 8, na kiwango hicho kinagusa kile kipande tu cha mshahara kilicho kati ya 270,000 na 520,000. Kipande hicho ni 250,000. Asilimia moja yake ni 2,500. Wewe umepata 2,500, na meneja anayelipwa milioni 5 naye amepata 2,500. Hakuna mfanyakazi aliyepata zaidi ya hapo kwa punguzo lile. Laiti waliotangaza wangeitaja namba hiyo. Walisema "kodi imeshuka" wakatuachia sisi tujaze wenyewe, na mtu mwenye shida hujaza namba inayolingana na shida yake. Wewe ulijaza laki moja kwa sababu laki moja ndiyo inayokupungukia.

Na nyongeza ya mshahara? Siku ile ile, Mwanza, Mama alisema mwaka huu haiwezekani, akawaomba wafanyakazi wavute subira hadi mwakani. Hilo nalo lilisemwa kwenye kipaza sauti kile kile.

Nikuambie nilichokuwa nakiona. Kiwandani, kila Mei 2, kabla sijafungua dirisha nilikuwa nawakuta watu wamejipanga. "Karani, imeingia?" Wanaume wazima, mafundi wa mashine, wamesikia hotuba jana uwanjani na asubuhi wamekuja na kofia mkononi. Nilikuwa nawajibu waraka haujafika. Wengine waliondoka wakiamini mimi ndiye niliyeikalia hela yao. Hotuba ya rais haiji dirishani kwa miguu yake. Inapita kwenye bajeti, bajeti inapita bungeni, inakuwa sheria, sheria inazaa waraka, waraka unamfikia mhasibu, mhasibu anagusa orodha ya mishahara. Katika safari hiyo kuna kinachofika kizima, kuna kinachofika kimepungua, kuna kisichofika. Punguzo la kodi yako lilisemwa Mei 1 likaonekana kwenye slipu ya Julai. Kwa safari za aina hii, limewahi.

Sasa friji. Ukitoa mchango wa pensheni wa PSSSF 35,800, bima ya afya 21,480, chama cha walimu 14,320, Bodi 107,400 na kodi 52,040, mkononi unashika 484,960. Ukimpa mwenye duka 95,000, unabaki na 389,960, na umeniambia mna watoto wawili na kodi ya nyumba. Nenda dukani kabla ya tarehe ya kulipa. Anayefika kabla ya tarehe anasikilizwa, anayefika baada ya tarehe anafokewa. Mwombe arefushe muda ili marejesho yashuke hadi 60,000, na mwulize kwa maandishi jumla itaongezeka kiasi gani. Akikataa, rudisha friji ubaki na kitanda. Usikubali kabisa, narudia kabisa, kwenda kwa wale wa mikopo umiza wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri ili ulipie friji. Walimu watatu kati ya wale kumi na mmoja wameshafanya hivyo, na barua zao sikuziweka hapa kwa sababu zinaniuma.

Mumeo mwonyeshe ukurasa huu. Ulisikia sawasawa, ulikosea mwaka.

*Bibi, sisi ni wapangaji sita katika nyumba moja Mbagala, mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Tangu Agosti 20 ukinunua umeme unakatwa kodi ya jengo. Jengo si letu. Mwenye nyumba anasema tukamuulize rais wetu. Mpangaji.*

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, ilikuwa hivyo na imebaki hivyo. Kilichobadilika ni mlango wa kukusanyia. Zamani kwa nyumba ya kawaida alikuwa analipa 10,000 kwa mwaka, sasa, mwaka huu wa 2021, ni 1,000 kila mwezi kupitia mita, 12,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa zina kiwango chao.

Kwa watu sita, 1,000 ni kama shilingi 167 kwa kila mmoja. Najua si kiasi kinachowauma, kinachowauma ni kulipishwa kitu cha mtu mwingine huku mwenyewe akiwajibu kwa kejeli. Na kuna ugomvi mdogo ndani yake ambao hamkuuandika lakini naujua, kwa sababu na mimi nimewahi kupanga: mnanunua umeme kwa zamu, na anayeangukia manunuzi ya kwanza ya mwezi ndiye anayekatwa, wenzake wanapona. Basi chukueni daftari la kaunta, kila mwezi bandikeni ule ujumbe wa manunuzi unaoonyesha makato, na siku ya kulipa kodi ya pango ya miezi sita mkate humo 6,000 mbele yake na daftari mkononi. Nendeni watu wawili, wenye heshima, jioni, mkianza na salamu. Akigoma, mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo. Nyumba ya watu sita haifai kuvunjika kwa elfu sita, na yeye hilo analijua kuliko ninyi.

*Shikamoo Bibi. Niko Dar, natengeneza simu Kariakoo. Mama yangu yuko Mpwapwa, namtumia 10,000 kwa simu kila wiki. Tangu Julai analalamika hela haitoshi, anasema siku hizi sikumbuki kuweka ya kutolea. Ninaweka, Bibi. Amefika mahali anaamini mke wangu ndiye anayepunguza. Sasa nimesikia zile tozo za serikali kwenye miamala ya simu zimefutwa. Ni kweli? Fundi.*

Marahaba. Hazikufutwa. Zilianza Julai 15 mwaka huu wa 2021, zikapigiwa kelele nchi nzima, na kuanzia tarehe 7 mwezi huu zimeshushwa kwa asilimia 30. Kama tozo kwenye muamala wako ilikuwa 1,000, sasa ni 700. Na hiyo ni tozo ya serikali peke yake, ada ya kampuni ya simu iko mbali.

Nasema wazi kwamba tozo hii sikuipenda na siipendi hata baada ya punguzo. Nimeelezwa ni ya madarasa na zahanati, na madarasa nayataka. Lakini inamkata mtoto akituma na inamkata mama yake akitoa, kwenye hela ile ile, na wanaotuma kwa simu ndio hao hao ambao kijijini kwao hakuna benki. Niliposikia serikali imesikia kelele na kushusha, nilipata moyo. Na nitaendelea kuipigia kelele.

Kwa upande wako, acha kutuma mara nne. Kila muamala unakatwa kivyake, kwa hiyo tuma 40,000 mara moja mwanzo wa mwezi na mama atoe mara moja. Kabla ya kuamua linganisha jumbe zako mbili, ule wa 10,000 na mmoja wa 40,000, uone mwenyewe tofauti. Najua kwa nini ulikuwa unatuma kila wiki: hela ya mwezi mzima ikiingia mara moja kijijini, wajukuu na majirani wote wana homa siku hiyo. Mwambie asitangaze. Mama zetu wanajua kuficha hela kwenye pindo la kanga kuliko benki yoyote.

Na kuhusu mkeo: mpigie mama simu, weka spika, mke akiwepo, usome ujumbe wa muamala mstari kwa mstari, kiasi, ada, tozo. Kisha mkeo amsalimie. Usiliache jambo hili mpaka Desemba mkienda nyumbani. Nimeona ndoa ikiingia ufa kwa hela ndogo kuliko hiyo, na aliyelaumiwa hakuwahi kuigusa.

*Bibi mambo, samahani shikamoo. Nina miaka 24, naendesha bodaboda ya bosi Ubungo, nampelekea hesabu ya 8,000 kwa siku. Mama ametukumbuka, faini yetu ya barabarani imeshuka kutoka 30,000 hadi 10,000. Kuna mtu ananipa mkataba: nimlipe 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 16, pikipiki inakuwa yangu. Wenzangu wananiambia nisubiri, Mama atatoa mikopo ya vijana. Nisubiri?*

Marahaba, na samahani imepokelewa.

Faini imeshuka kweli, tangu Julai. Mwezi huo huo petroli imeongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita. Unasema unatumia lita 3 kwa siku, basi ni 300, kwa siku 26 ni 7,800 kwa mwezi. Faini moja uliyopunguziwa 20,000 inafidia tozo ya mafuta ya miezi miwili na nusu. Usipokamatwa kabisa hujafidiwa chochote, na ningependa usikamatwe. Vaa kofia ngumu, na abiria umvalishe.

Mkataba: siku 26 mara miezi 16 mara 10,000 ni 4,160,000. Umeniambia dukani pikipiki hiyo mpya ni 2,450,000. Mtu huyo anakuuzia muda kwa 1,710,000. Si haramu, lakini ujue unanunua nini. Mwulize ukiugua wiki mbili inakuwaje, pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi na tano ni ya nani, na bima kubwa nani analipa. Asipotaka kuyaandika majibu, hapo umeshajibiwa.

Hao wanaokuambia usubiri mikopo ya vijana hawajui kwamba ipo tayari, na ilikuwepo kabla ya Machi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo wake hauna riba. Haiji kwa mtu mmoja mmoja, inakuja kwa kikundi kilichosajiliwa. Nenda ofisi ya kata yako, muulizie afisa maendeleo ya jamii, uliza masharti, uliza fomu. Ukizungushwa rudi tena wiki ijayo na wenzako, mkiwa wengi. Ukiwa unasubiri endelea na bosi wa 8,000, na ile 2,000 ya tofauti na mkataba iweke kila siku. Kwa siku 26 ni 52,000 kwa mwezi. Kikundi kinachoingia ofisini na akiba yake mezani kinasomwa haraka.

Barua ya mwisho imeletwa kwa mkono. Mwenyewe alisimama mlangoni, hakutaka kuingia kwa sababu aproni yake ilikuwa na unga.

*Bibi, ninauza chakula jirani na stendi ya Msamvu, miaka tisa sasa. Mwaka jana ndoo ya mafuta ya lita 20 nilinunua 62,000. Juzi nimenunua 98,000. Sijaacha kuuza hata siku moja, wateja wapo, lakini mtaji unaisha na sioni unakoishia. Mwezi uliopita nilikopa kikoba, kikundi chetu cha kukopeshana, ninunue mchele. Bibi, nilidhani mwanamke mwenzetu akiingia Ikulu, jambo la kwanza atalishusha ni mafuta ya kula, maana anajua jiko. Je, Mama anajua bei ya mafuta?*

Mwanangu, nadhani anajua. Lakini zaidi ya nusu ya mafuta ya kula tunayotumia Tanzania yanatoka nje, mengi ni mawese ya Indonesia na Malaysia, na mwaka huu bei imepanda kule kule yanakotoka. Rais anaweza kugusa ushuru, anaweza kuhimiza alizeti Singida na Dodoma, na alizeti ikipandwa inataka msimu mzima ndipo ikamuliwe. Hawezi kupandisha sauti Dodoma mafuta yakashuka Msamvu kesho yake asubuhi. Ningekuwa na jibu zuri kuliko hilo ningekupa pale pale mlangoni.

Novemba 1985, Mzee Mwinyi alipoingia, nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni. Mche mmoja wa sabuni nilikuwa naukata vipande vinne, viwili vyangu, viwili vya jirani aliyesimama foleni badala yangu. Matumaini yangu yote kwa rais mpya yalikuwa sabuni. Na sabuni ilirudi. Vitenge vilirudi, dawa ya meno ilirudi. Ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, Mwalimu Nyerere akiwa bado madarakani, lakini sisi sifa zote tulimpa Mwinyi, tukamwita Mzee Ruksa. Nilidhani umaskini umekwisha. Kisha nikaenda na mshahara wangu dukani. Bei zilikuwa zinapanda kila nikirudi, na mshahara ulikuwa ule ule niliokuwa nauhesabu kwenye bahasha. Nikawa nasimama mbele ya duka lililojaa kama nilivyokuwa nasimama mbele ya duka tupu. Sikuwa nimedanganywa. Nilichokiomba kilikuja, na shida yangu ikahamia mahali pengine ambapo sikuwa nimepatazama.

Wewe pia tazama mahali pengine. Nilikuuliza unatumia mafuta kiasi gani, ukasema lita 2 kwa siku. Kwa bei ya mwaka jana lita moja ilikuwa 3,100. Sasa ni 4,900. Umeongezewa 1,800 kwa lita, 3,600 kwa siku, na kwa siku zako 26 ni 93,600 kila mwezi. Bei ya sahani hukuibadilisha. Kwa hiyo tangu bei ilipofika hapo, kila mwezi unawalipia wateja wako 93,600 kutoka mfukoni mwako, na mfuko huo ndio mtaji. Hukuona unakoishia kwa sababu ulikuwa unaishia ndani ya karai.

Uliniambia unaogopa kupandisha kwa sababu mafundi ujenzi watahamia kwa mwenzako. Basi wali maharage uache pale pale 1,500. Hicho ndicho kinachowaleta, na mafuta yake ni kidogo. Kinachokula mafuta ni samaki wa kukaanga, na samaki unauza sahani 25 kwa siku. Ongeza 200 kwa samaki peke yake. Mara 25 ni 5,000 kwa siku. Inafunika 3,600 ya mafuta na inabaki 1,400. Anayekula samaki wa 2,500 hatakukimbia kwa 200, na akikukimbia atarudi kwenye maharage yako, utakuwa hujampoteza.

Hiyo 1,400 usiiguse kwa ajili ya nyumbani. Najua ulichukua kwenye mtaji mwezi wa saba ukanunua sare za shule, na sikulaumu, mtoto hawezi kwenda shule na kanga. Lakini hukujirudishia. Tafuta makopo mawili ya maziwa yenye vifuniko. Moja la biashara, moja la nyumba. Jioni ukifunga, kabla hujapanda daladala, jilipe mshahara wako uingie kopo la nyumba, kiasi kile kile kila siku, hata siku ambayo mauzo yamekuwa mazuri. Yaliyobaki yanalala kwenye kopo la biashara, na ile 1,400 iwe ya kwanza kuingia humo mpaka mkopo wa kikoba uishe. Nyumba ikipungukiwa, ikope kwenye kopo la biashara mbele ya macho yako na uandike.

Mtoto wako wa kidato cha pili anajua kuandika, mpe hilo daftari. Nilipita pale kwako jana saa sita nikamwona anavyohesabu chenji, ana mkono mzuri. Na bei mpya ya samaki ianze Jumatatu asubuhi, uiandike kwenye ubao kabla mafundi hawajakaa.